Papasi na Vijidudu Vyake: Historia ya Homa ya Njia ya Misafara

Papasi hana macho. Huishi kwenye vumbi la sakafu na nyufa za kuta za udongo, rangi yake haitofautiani na udongo wenyewe, na mchana mtu anaweza kufagia chumba chote asimwone hata mmoja. Usiku watu wakishalala hutoka, humtafuta aliyelala, hunyonya damu kwa dakika 20 hadi 30, halafu hurudi mafichoni. Aliyeumwa huamka na alama ndogo iliyovilia damu, ambayo pengine hataijali. Siku saba hivi baadaye homa humpanda ghafla: kichwa kinagonga, mgongo na viungo vinauma, chakula hakikai tumboni. Siku ya tatu au ya nne homa inakatika kwa jasho jingi. Mgonjwa anainuka, anakunywa uji, anaanza kuulizia kazi zake. Wiki inayofuata homa inarudi, naye yuko dhaifu kuliko mwanzo. Inaweza kuja na kuondoka mara kadhaa kabla ya kumwachia, na wapo ambao haiwaachi.

Hii ndiyo homa ya papasi. Katika karne ya 19 iliwaandama wapagazi na wafanyabiashara kwenye njia za misafara zilizotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Kasongo na Mto Kongo. Leo bado ipo, hasa katika vijiji vya katikati ya Tanzania. Nimeichagua iwe mlango wa kuingilia habari za vijidudu kwa ujumla, kwa sababu katika mwili wa papasi mmoja hukaa bakteria wa namna mbili. Wa kwanza humtia binadamu homa. Wa pili ndiye anayemweka papasi hai, na bila yeye papasi hakui. Anayetaka kuelewa vijidudu ni nini na vinafanya nini duniani, hao wawili watamfundisha mengi.

Kwamba kuumwa na papasi huleta ugonjwa, watu wa Afrika walilijua kabla daktari yeyote hajaliandika. David Livingstone, katika kitabu cha safari zake kilichochapishwa mwaka 1857, alimweleza mdudu huyu aliyekutana naye Angola: maumivu yaliyochanganyika na mwasho yakipanda mguuni, kisha kutapika na kuharisha. Kule Tete, kwenye Mto Zambezi, aliambiwa kwamba aliyeumwa hushikwa na homa, na kwamba homa hiyo imewahi kuua. Livingstone alidhani ni sumu ya mdudu. Kwa elimu ya wakati wake hapakuwa na jambo jingine la kudhani. Mwaka huo huo Louis Pasteur alikuwa ndiyo kwanza anachapisha maandishi yake ya awali kuhusu maziwa yanavyochachuka, akisema kwamba kazi hiyo inafanywa na viumbe hai wadogo mno. Wazo kwamba viumbe wa jamii hiyo wanaweza kuingia katika damu ya mtu na kumtia ugonjwa lilikuwa bado linabishaniwa na madaktari wengi wa Ulaya.

Viumbe wenyewe walikuwa wameshaonekana. Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alisaga lenzi zake mwenyewe na kuanza kuona vijidudu kwenye maji katika miaka ya 1670. Mwaka 1683 aliiandikia Royal Society ya London kuhusu utando mweupe alioukwangua kwenye meno: ulijaa viumbe vinavyokwenda, kila namna kwa mwendo wake. Watu wakastaajabu, kisha karibu karne mbili zikapita bila mtu kuunganisha viumbe hivyo na wagonjwa waliojaa hospitalini.

Aliyekuja kuunganisha, kwa habari ya homa hii, alikuwa daktari kijana wa Berlin aitwaye Otto Obermeier. Mwaka 1868 mjini humo palikuwa na mlipuko wa homa inayojirudia, ile inayoenezwa na chawa, na wagonjwa wake wengi walikuwa maskini waliolala msongamano. Obermeier aliweka tone la damu ya mgonjwa chini ya hadubini, akaona nyuzi nyembamba zilizojiviringa zikijisukuma katikati ya chembe nyekundu za damu. Homa ilipokatika, nyuzi zilitoweka. Homa iliporudi, nazo zilirudi. Alikaa na habari hiyo hadi mwaka 1873 ndipo akaichapisha, na mwaka huo huo kipindupindu kilipoingia Berlin kikamwua, akiwa na umri wa miaka 30. Hiyo ilikuwa mojawapo ya mara za kwanza kabisa mtu kuona bakteria katika damu ya mgonjwa wa kibinadamu na kuonyesha kwamba wanaongozana na homa yake. Jina la Obermeier halitajwi sana. Naona lingestahili kukaa karibu na majina ya Pasteur na Koch.

Koch ndiye anayetuleta Afrika Mashariki. Robert Koch alikuwa daktari wa serikali katika mji mdogo wa Wöllstein alipothibitisha mwaka 1876 kwamba kimeta huletwa na bakteria. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza Berlin kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1883 na 1884 alikifuata kijidudu cha kipindupindu Misri na Kolkata. Mwaka 1897 aliingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, akachunguza malaria, magonjwa ya mifugo, na tauni iliyokuwa ikiua watu Kisiba, karibu na Bukoba. Mwanzoni mwa 1905 akarudi, safari hii akiwa na swali la homa iliyokuwa ikiwalaza wasafiri wa Kizungu na wapagazi kwenye njia ya bara.

Reli ya kwenda Morogoro ilikuwa ndiyo inaanza kujengwa mwaka huo, na haikufika huko hadi 1907. Koch alikwenda kwa njia ile ile ya misafara, akilala karibu na vituo walikolala wapagazi kila siku: vibanda vya nyasi na udongo vilivyotumiwa na mamia ya watu, usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Alifukua udongo mkavu wa sakafu, kando ya kuta na kwenye mashina ya nguzo, na humo akawakuta papasi. Aliwapasua akawatazama kwa hadubini. Katika sehemu ya wale aliowakusanya aliona nyuzi zile zile alizoziona Obermeier.

Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililoonyesha ukubwa wa akili yake. Hakuishia kwenye matumbo ya papasi, alipasua na mayai. Ndani ya mayai yaliyotagwa na majike wenye maambukizo alikuta vijidudu vimekusanyika kwa mafungu. Papasi wachanga waliotoka kwenye mayai hayo, ambao hawajawahi kuonja damu ya mtu yeyote, waliwekwa wawaume nyani, na nyani wakaugua. Kwa hiyo papasi hamhitaji mgonjwa ili apate kijidudu. Mama humrithisha mtoto. Papasi pia huweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Kibanda kilichohamwa zamani kinaweza kumwambukiza mgeni wa kwanza atakayelala humo.

Koch aliona jambo jingine lililomtatiza mwanzoni. Wenyeji wa vijiji vyenye papasi wengi walionekana wazima, na watu wageni ndio waliokuwa wakianguka. Alieleza kwamba wenyeji huumwa na papasi tangu utotoni, huugua wakiwa wadogo, na anayepona hubaki na kinga inayoendelea kutiwa nguvu kila anapoumwa tena. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yana upande mzito: kinga ya mtu mzima ililipiwa na homa za watoto, na watoto waliokufa hawakuwepo ili wahesabiwe na mgeni anayepita. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa wasilale katika vibanda vya njiani wala kupiga hema mahali pa kambi za zamani. Mpagazi aliyebebeshwa mzigo kutoka pwani hakuwa na hema, na ushauri huo haukumfaa kitu.

Alifanya sehemu ya kazi hiyo Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walikuwa wameanzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Julai 1905, akiwa bado nchini, vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi. Desemba mwaka huo alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata alirudi tena, akaweka kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, kuchunguza ugonjwa wa malale. Huko aliwadunga wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki, akaongeza kipimo matokeo yalipokuwa hafifu, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka wasione tena maishani. Habari hiyo haiwezi kutenganishwa na sifa zake. Watu wa Ssese hawakuwa na uwezo wa kukataa, na elimu aliyoondoka nayo ilipatikana kwenye miili yao.

Wakati Koch akifukua vibanda, watu wengine walikuwa wakilitafuta jibu lile lile. Philip Ross na A. D. Milne walikuwa wameandika kutoka Uganda, mwishoni mwa 1904, kwamba homa ya kupe wa nyumbani, yaani papasi, ina nyuzi zile za damu. Na ndani ya Kongo, Joseph Everett Dutton, Mwingereza kutoka chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool, alikuwa akisafiri na mwenzake John Todd, Mkanada. Dutton ndiye aliyekuwa amekitambua Gambia kijidudu cha malale katika damu ya binadamu, mwanzoni mwa karne. Mwishoni mwa 1904, wakiwa kwenye maporomoko ambayo leo ni mji wa Kisangani, walionyesha kwamba papasi humwambukiza nyani. Wote wawili wakaambukizwa katika kazi hiyo. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Kasongo ilikuwa mji wa Waswahili wa Maniema, makao ya zamani ya Tippu Tip, na njia iliyofika hapo ilikuwa tawi la mwisho la njia ile ile iliyoanzia Bagamoyo. Kijidudu kikapewa jina lake: leo huitwa Borrelia duttonii.

Wapagazi na wasaidizi waliowakusanya papasi, waliowashika nyani na waliotoa damu yao hawana jina lililobaki kwenye kijidudu chochote.

Kilichokuwa hakijaelezwa wakati huo ni kwa nini homa inarudi. Jibu lilichukua miaka mingine mingi, na ni zuri kiasi kwamba linastahili kuelezwa polepole. Kijidudu hiki ni bakteria aina ya spirokaeti, mwembamba mno, mrefu kupita chembe nyekundu ya damu, na mwili wake umejipinda mara nyingi. Ngozi yake ya nje imefunikwa na protini ya aina moja. Akiingia katika damu huongezeka haraka hadi kila tone lina spirokaeti tele. Hapo ndipo homa inapopanda. Mwili wa mgonjwa nao huitambua ile protini, hutengeneza kingamwili zinazoishika, na ndani ya siku chache karibu spirokaeti wote wameangamia. Homa inakatika. Lakini katika kundi lile walikuwemo wachache waliokwisha kubadili protini yao kwa kuwasha jeni nyingine kutoka kwenye akiba waliyonayo. Kingamwili za wiki iliyopita haziwatambui. Wanaongezeka kimya kimya, na baada ya siku kadhaa mgonjwa anatetemeka upya. Mwaka 1982 watafiti wa maabara ya Rocky Mountain, katika jimbo la Montana, Marekani, walichukua spirokaeti mmoja tu wa aina inayopatikana huko kwao, wakamkuza ndani ya panya, na kutoka kwa kizazi chake wakahesabu mavazi 24 tofauti ya protini. Vijidudu vya malaria na vya malale hutumia ujanja wa namna hiyo. Viumbe hao hawana undugu na spirokaeti. Kila mmoja aliufikia kwa njia yake, kwa sababu wote wanakutana na kinga ile ile ya mwili.

Maabara hiyo ya Montana inatuunganisha na Ifakara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Rudolf Geigy, mkuu wa taasisi ya tiba za nchi za joto mjini Basel, Uswisi, alikuja Tanganyika na kuchunguza homa ya papasi vijijini. Katika miaka ya 1950 taasisi yake ilifungua maabara Ifakara, kando ya Kilombero, na maabara hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mmoja wa wanafunzi wa Geigy, Willy Burgdorfer, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu jinsi spirokaeti wa homa ya papasi anavyokua ndani ya papasi. Kazi yake ilikuwa kupasua papasi, mmoja baada ya mwingine, hadi macho yake yakazoea umbo la kijidudu hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alihamia Montana. Mwaka 1981, akitafuta kitu kingine ndani ya matumbo ya kupe wa paa kutoka New York, aliona nyuzi zilizojipinda. Mtu mwingine angeweza kuzipita. Yeye alizijua tangu ujana wake, na kwa njia hiyo kikapatikana chanzo cha ugonjwa wa Lyme, unaowasumbua watu wengi Marekani na Ulaya. Elimu ya papasi wa vibanda vya udongo vya Afrika ilitatua fumbo la misitu ya Marekani. Sijui kwa nini vitabu vya shule vya Tanzania havilisimulii jambo hili kwa fahari.

Tiba nayo ina historia inayostaajabisha. Paul Ehrlich na Mjapani Sahachiro Hata, walipokuwa wakitafuta dawa ya kaswende Frankfurt, waliijaribu pia kwa panya wenye homa inayojirudia, kwa kuwa vijidudu vya magonjwa hayo mawili ni jamaa. Dawa hiyo, Salvarsan, iliyotoka mwaka 1910, ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa makusudi maabara ili iue kijidudu maalumu ndani ya mwili wa mtu. Ilikuwa na aseniki, na ilikuwa na madhara. Dawa zilizokuja kuishinda zilitoka kwa vijidudu wenyewe. Penisilini ilitoka kwenye ukungu ambao Alexander Fleming aliuona London mwaka 1928 ukiua bakteria kwenye sahani yake. Dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini, iliyotangazwa mwaka 1948 na Benjamin Duggar, ilitoka kwa bakteria wa udongo aliyechotwa katika shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri. Ni jamaa wa bakteria wanaoufanya udongo unukie mvua ikinyesha. Leo mgonjwa wa homa ya papasi hutibiwa kwa tetrasaiklini, na wajawazito na watoto wadogo hupewa penisilini au erithromaisini, ambayo nayo ni zao la bakteria wa udongo.

Dozi ya kwanza huhitaji uangalizi. Spirokaeti wanapokufa kwa wingi kwa wakati mmoja, homa hupanda upya kwa saa chache, mgonjwa hutetemeka sana na shinikizo la damu linaweza kushuka. Wauguzi wenye uzoefu hawamruhusu mgonjwa aondoke mapema, na ndugu wanaomsindikiza wanapaswa kuelezwa, wasije wakadhani dawa ndiyo inayomwua wakaikataa ya pili.

Sasa bakteria wa pili. Damu ni chakula kibaya kwa anayekitegemea peke yake: ina protini na chuma kwa wingi, lakini vitamini za kundi B ni chache mno. Papasi hali kitu kingine tangu anapoanza kula hadi anapokufa. Hizo vitamini anazipata wapi? Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha jibu. Ndani ya papasi hukaa bakteria wa jamii ya Francisella, anayerithishwa kutoka kwa mama kupitia yai, sawasawa na spirokaeti anavyorithishwa. Watafiti waliwapa papasi dawa ya kuua bakteria huyo. Papasi wachanga wakadumaa, wakashindwa kujivua ngozi na kukua. Walipoongezewa vitamini za kundi B kwenye damu waliyokula, wakaendelea kukua. Bakteria huyo amekuwa mtengenezaji wa vitamini wa papasi, naye papasi amempa makao ambayo hawezi tena kuishi nje yake.

Na jamaa zake wa karibu ni akina nani? Mmoja wao ni bakteria wa tularemia, ugonjwa mkali wa sungura na panya unaoua hata watu. Ukoo ule ule umetoa muuaji na mlishaji. Tofauti imetokana na mahali kila mmoja alipokaa na kwa muda gani. Mpangilio kama huu umepatikana karibu kila palipo na mnyonya damu wa kudumu. Mbung'o ana bakteria wake wa vitamini, kunguni ana wake.

Nasi tuna wetu. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 ilikadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao wakiwa kwenye utumbo mpana, na chembe zake mwenyewe ni trilioni 30 hivi. Wanachambua nyuzinyuzi za chakula tunazoshindwa kuzisaga, wanatengeneza vitamini K, na wanaziba nafasi ambazo vijidudu vya maradhi vingeshika. Ng'ombe asingeweza kuishi kwa majani bila vijidudu vya tumbo lake kubwa, kwa sababu yeye mwenyewe hana uwezo wa kuvunja selulosi. Kunde, choroko na maharage hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi, ambao Martinus Beijerinck aliwatenga kwa mara ya kwanza mwaka 1888. Mkulima anayepanda kunde katikati ya mahindi anawafanyisha kazi hao bila kuwaona. Mtindi, togwa na mnazi ni kazi ya bakteria na hamira. Vijidudu vinavyoleta maradhi ni sehemu ndogo sana ya vilivyopo duniani, na hata hivyo ndivyo vilivyochukua karibu nafasi yote katika mafunzo tuliyopewa.

Hata homa yenyewe inaonyesha jinsi kijidudu kinavyoweza kugeuka. Ile homa ya chawa aliyoiona Obermeier huletwa na spirokaeti aitwaye Borrelia recurrentis. Mwaka 2008 watafiti walisoma jenomu yake na ya yule wa papasi, wakakuta kwamba ni karibu kiumbe kimoja, isipokuwa yule wa chawa amepoteza sehemu ya jeni zake. Amehamia kwa chawa, mdudu anayeishi kwenye nguo za watu na asiyeweza kukaa muda mrefu bila damu, na katika kuhama huko akapungukiwa na mengi aliyokuwa nayo. Ila amekuwa muuaji mkali zaidi, na hufuata vita, magereza na kambi za wakimbizi. Siku hizi makao yake makubwa ni Ethiopia na majirani zake. Mwaka 2015 alionekana tena Ulaya, kwa vijana waliotoka Somalia na Eritrea wakapita jangwani na baharini wakiwa na nguo zile zile walizoondoka nazo nyumbani.

Huku kwetu vituo vya misafara vimekwisha, ila papasi alibaki ndani ya nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili viuadudu vilipuliziwa majumbani vikampunguza, na kadiri watu walivyoweza kujenga kwa tofali, kupiga lipu na kumwaga saruji sakafuni, ndivyo alivyokosa pa kujificha. Pale ambapo familia bado inalala chini katika nyumba ya tembe, yenye sakafu ya vumbi na kuta zenye nyufa, yupo. Mvumi, katika mkoa wa Dodoma, ni mojawapo ya mahali palipochunguzwa sana. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito, kwani homa hii huharibu mimba na huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Mwaka 2003 watafiti waliripoti kutoka Mvumi aina ya Borrelia ambayo haikuwa inajulikana, kwa papasi na kwa watu, na baadaye dalili zake zikapatikana kwa kuku na nguruwe. Kwa karibu miaka 100 vitabu vilikuwa vikisema kwamba homa ya papasi ya Afrika Mashariki haina mnyama anayeihifadhi ila mtu na papasi mwenyewe.

Kwa miaka mingi homa hii iligunduliwa vijijini kwa bahati. Mgonjwa alipimwa malaria, mtaalamu wa maabara akapaka damu kwenye slaidi, akaitia rangi ya Giemsa, na alipokuwa akitafuta vimelea vya malaria akaziona nyuzi za zambarau kati ya chembe za damu. Sasa zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo hicho ni kizuri, kimeokoa watu wengi na kupunguza matumizi ovyo ya dawa. Lakini kinajibu swali moja tu, na spirokaeti hawamo katika swali hilo. Mtoto wa Dodoma mwenye homa kali huambiwa hana malaria, anapewa panadol, homa inakatika yenyewe siku ya nne, na mama anaandikiwa kwamba mtoto amepona. Akirudishwa wiki inayofuata na homa ile ile, apakwe slaidi nene, itazamwe kwa hadubini wakati homa imepanda, na mama aulizwe mtoto analala wapi.